Majina ya Wakubwa Yaliyozima Mashine Yetu

Nimestaafu, na bado nina hasira. Wengine wakiondoka kazini huandika shukrani kwanza. Shukrani ninazo, zitafika, lakini ninyi mnaobaki pale ofisini Kasongo mnanijua: nikiwa na jambo kifuani, chakula hakishuki. Basi mjue mapema kwamba sehemu kubwa ya haya nimeyaandika kwa hasira, na hasira yenyewe si ya mashine. Mashine haikumwita mtu mwizi.

Nianzie mbali kidogo. Kabla ya kompyuta nilikuwa mtu wa redio. Kazi nilijifunzia Nyangwe, kwa fundi Amuri, ambaye kibanda chake kilikuwa juu kidogo ya mahali mitumbwi inapofungwa. Wavuvi walimletea redio zilizoingia maji ya Lualaba, zingine zikiwa bado na magamba ya samaki kwenye vitufe. Chuma chake cha kulehemu kilipashwa moto kwenye makaa, pembeni ya sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mkewe aliuchukia mpango huo waziwazi. Siku yangu ya kwanza nilifungua redio ya mteja kabla hajamaliza kusimulia kilichoipata. Amuri alinipokonya bisibisi, akaiweka mfukoni, na sikuishika tena mpaka juma lililofuata.

Alichokuwa akitaka ni kitu kimoja. Mteja akisema redio imekufa, Amuri alimkalisha na kumwambia aonyeshe: unaiwashaje, unaweka betri zipi, unazungusha mpaka wapi. Kisha yeye mwenyewe alifanya vilevile, polepole, mpaka redio ikafia mkononi mwake. Hapo ndipo bisibisi ilitoka mfukoni. "Usimushitaki mutu wala chombo," aliniambia, "mpaka ukiona kifo na macho yako." Maneno hayo nimeyabeba miaka yote ya kazi, na ndiyo yanayofanya niwakasirikie watu wazima waliosoma, walioshitaki kwanza na kutazama baadaye.

Ofisi yetu mnaijua, lakini wako watakaosoma haya bila kuijua. Ni muungano wa wakulima. Kazi yake ni kuhifadhi mipaka ya mashamba ya watu wa Kabambare na pembezoni mwa Kasongo, kwa sababu tangu watu walipoanza kufuata zahabu, upande wa Salamabila na kwingine, shamba la mtu linaweza kuamka likiwa shimo. Aliyeuanzisha ni Mzee Musafiri, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Aliniajiri kwa sababu niliwahi kumtengenezea redio, na kwake redio na kompyuta zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuja juu ya pikipiki, imezungushiwa godoro na kufungwa kwa mipira. Ilikaa mezani chini ya kitambaa cha kushona kwa mkono, na kila mgeni alionyeshwa kitambaa kwanza. Ilipokufa mara ya kwanza wote walisema ni virusi. Nilifungua sanduku, nikakuta mjusi ameungua kwenye sehemu ya umeme. Tangu siku hiyo neno virusi likitamkwa na mtu ambaye hajatazama ndani, mimi hutoka nje kupata hewa.

Sasa niwaeleze tulivyofanya kazi, maana bila hivyo hamtaona ubaya ulikotoka. Mpaka wa shamba kwetu haufanywi na mtu mmoja. Mwenye shamba anawaita majirani wote, wanaupitia mpaka kwa miguu, na kila mmoja anasimama mahali pake na kusema kwa kinywa chake, kwa Kibangubangu au kwa Kiswahili: hapa ni kwangu, kutoka mti ule ni kwake. Sisi tulikuwa tunarekodi sauti hizo kwa simu, tunapiga picha, tunachora ramani, halafu Zaina anaviingiza kwenye mashine. Zaina ni mwandishi wetu, mama wa watoto, mjane, mzaliwa wa hapa Kasongo, wa familia ya wafanyabiashara ambayo kila mtu anaijua. Na kwenye jina la faili aliandika majina ya mashahidi wote. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiandike jina la mwenye shamba tu.

"Baba Ramazani," aliniambia, "Bangubangu ukiacha jina ya mumoja, anasema umemufukuza ku mupaka. Kesho hatakuja tena kusema."

Alisema kweli. Jirani asiyetajwa hukataa kushuhudia, na shahidi mmoja akikataa mpaka mzima unalegea. Kwa hiyo majina ya mafaili yakawa marefu, na yalirefushwa kwa sababu nzuri.

Sababu mbaya ilikuwa juu yake, kwa wakubwa. Mzee Musafiri alipofariki, akaja Chef Omari. Siku ya makabidhiano Omari hakutaka kuigusa folda ya marehemu, dosie kama tunavyosema sisi, kwa kuwa kuifuta au kuibadilisha ni kama kumzika mtu mara ya pili. Akafungua dosie mpya yenye jina lake na cheo chake, akaiweka ya marehemu ndani, nzima. Watu walipiga makofi. Omari alipohamia Kindu akaja Chef Kalonda, naye hakutaka aonekane hana adabu. Akafungua yake, akaiweka ya Omari ndani, ambayo ndani yake ilikuwamo ya marehemu. Ya Kalonda iliandikwa kwa Kifaransa cha heshima, na nitaitaja hapa ili muone: "Bureau de Monsieur le Coordonnateur Kalonda, Successeur de Monsieur le Coordonnateur Omari", yaani ofisi ya Bwana Mratibu Kalonda, mrithi wa Bwana Mratibu Omari. Ya Omari ilimtaja marehemu kwa namna hiyohiyo, na ya marehemu ilitaja kila alichokianzisha. Chini ya hizo tatu ndipo ikaanza ya territoire, yaani wilaya, ya secteur, yaani tarafa, ya kijiji, ya ukoo, na mwisho faili lenyewe na mashahidi wake wote.

Na hapo palikuwa na jambo ambalo sisi sote hatukulijua. Mashine inasoma hayo yote kama jina moja, tangu herufi ya diski mpaka nukta ya mwisho. Hiyo ndiyo njia ya faili. Programu ya kufungulia mafaili ina kipimo chake cha urefu wa njia, herufi mia mbili na sitini hivi, na ikizidi hapo inashindwa. Lakini ukichukua dosie kubwa na kuiingiza ndani ya nyingine, mashine haishuki chini kupima vilivyomo. Inakubali, na inakuachia matatizo ya kesho. Nimekasirika sana na watu waliotengeneza kitu hicho. Mlango unaokubali mzigo kuingia ukakataa kuutoa, fundi wake hapa kwetu angerudishiwa mlango wake.

Wa kwanza kuumia alikuwa mkulima wa Lusangi, Baba Asumani. Alikuja ofisini amevaa kanzu safi, miguu imejaa vumbi jekundu, na alikataa kiti.

"Miye niko na shamba, wao wako na kamba," alisema. "Watu ya zahabu wamepitisha kamba katikati ya kalanga yangu. Wanasema ati wamekodi kwa chef ya kule. Munipe sauti ya majirani yangu, niende nayo kwa administrateur."

Zaina akafungua dosie, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akishuka kuelekea Lusangi. Alipobonyeza ya ukoo wa Asumani, kidirisha kikasimama, kikapauka, kikafunga. Akajaribu tena. Kikafunga. Hakuna onyo, hakuna maelezo. Hata mgeni asiye na adabu husema kwaheri. Alipojaribu mara nyingine mashine ikaonyesha dosie kama haina kitu ndani yake, na Chef Kalonda alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni.

Chef hakuniita mimi niliyekuwa chumba cha pili nikisafisha betri za sola. Hakuuliza mashine imefanya nini. Alimtazama Zaina, akatazama kile kidirisha kitupu, akasema mbele ya Baba Asumani na watu waliokuwa barazani:

"Watu ya zahabu walikupatia nini, Zaina?"

"Chef?"

"Minauliza, walikupatia nini ndipo ufute?"

"Sikufuta kitu! Minaapa na watoto yangu. Miye niko nafungua tu, yenyewe inafunga."

"Mashine haichague shamba, Zaina. Mafaili yote iko, ya Lusangi tu haiko?"

Nilitoka na kitambaa cha betri mkononi. Nilimwambia Chef anipe nafasi niitazame. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio uliniuma: "Mzee Ramazani, weye ni mutu wa vyombo. Hii ni jambo ya watu." Akasema kamati itakaa mwisho wa juma, na Zaina akae nyumbani mpaka siku hiyo.

Mnajua neno linavyotembea Kasongo. Kabla ya sala ya alasiri soko lote lilikuwa limejua kwamba Zaina ameuza shamba la mtu wa Lusangi. Wateja wakaanza kupita mbele ya duka la kaka yake bila kusimama. Mwanamke mmoja alimwita mtoto wake asicheze na wa Zaina, na mimi nikiwa pale pale nanunua chumvi. Nilirudi ofisini moja kwa moja. Mwanamke yule aliyekataa kumwacha hata shahidi mmoja nje ya jina la faili, ndiye aliyeambiwa ameuza mashahidi wote.

Nilifanya kama Amuri. Nilikaa kwenye kiti cha Zaina na kufanya alichofanya yeye, polepole, mpaka kidirisha kikafia mkononi mwangu. Nikajaribu vijiji vingine. Vingi vilifunguka. Kisha nikaenda kwenye dosie moja ya upande wa Salamabila, ya ukoo wenye majirani wengi, na pale pia kikafunga. Basi haikuwa Lusangi peke yake, na Chef hakuwa amefungua zaidi ya ile moja. Nilipima diski, ikawa nzima. Nilitazama umeme, ukawa mzuri. Nikabadilisha waya, nikazima, nikawasha, nikapuliza vumbi, hayo yote tunayoyafanya tukiwa hatujui. Kilichobaki kilikuwa kuuliza, na sikuona aibu kuuliza.

Nilimpigia Feza, yule injinia wa Kindu aliyewahi kuja kutufundisha na kutuwekea mtandao wa ndani. Nilimsimulia kila hatua. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka nilipomwambia habari za Zaina.

"Haiko virusi, Baba. Uhesabu urefu ya njia, tangu herufi ya diski mpaka mwisho ya jina ya faili."

"Njia gani?"

"Yote. Na Chef zenu wote ndani."

Akanionyesha kwa maneno jinsi ya kuandika kwenye ile skrini nyeusi ya amri, ambayo wengi wenu mnaiogopa. Pale dosie ya Asumani ilijitokeza: ipo, ina uzito, ina mafaili ndani. Nikahesabu herufi kwa ncha ya kalamu juu ya skrini. Nilipita kipimo kabla sijamaliza mashahidi. Wakubwa peke yao walikuwa wamekula zaidi ya nusu ya njia. Nilisimama, nikazunguka meza, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Dawa ilikuwa nyepesi. Fupisha dosie za juu, na zile za chini zitapumua. Nilikwenda kwa Chef Kalonda na furaha yangu yote. Nilidhani atanyanyuka na kwenda kwa Zaina mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, na nakiri alielewa vizuri, maana si mtu mjinga. Kisha akasema:

"Unataka kukata jina ya Mzee Musafiri? Familia yake itasema nini?"

"Basi tukate ya kwako, Chef."

"Ya kwangu ni ya biro, ya ofisi, haiko yangu. Jina ya mutu haikatwi, Mzee. Utafute njia ingine."

Nilimwuliza kama jina la Zaina halikuwa jina la mtu. Alitazama dirishani kana kwamba kuna mvua inakuja, na hapakuwa na wingu.

Nikarudi kwa Feza, na yeye akanipa ujanja wa pili, ambao ninyi vijana mnapaswa kuujua. Unaweza kuiambia mashine kwamba dosie fulani ya chini ni kama diski peke yake, yenye herufi yake. Ukiifungua kupitia herufi hiyo, programu inaanza kuhesabu kutoka pale, haiwaoni waliopo juu. Amri yenyewe ni subst, mstari mmoja tu. Niliichukua dosie ya marehemu, nikaifanya diski Z. Nikashuka kupitia Z mpaka Lusangi, nikabonyeza ukoo wa Asumani. Ikafunguka. Ramani ilikuwepo, picha zilikuwepo, na sauti za wazee wa Lusangi zikasema tena, mmoja baada ya mwingine, kwa Kibangubangu, hapa ni kwangu na pale ni kwake. Sikuwa nimelia ofisini tangu kifo cha Mzee Musafiri.

Siku ya kamati nilibeba mashine nzima mpaka barazani. Baba Asumani alikuja, Zaina alikuja na kaka yake, wamekaa nyuma karibu na mlango. Nilifungua kupitia Z, sauti zikasikika, Baba Asumani akawa anataja kila msemaji kabla hajamaliza neno la kwanza. Watu wakashangilia. Chef Kalonda akasimama, akasema Alhamdulillahi, faili imepatikana, tuendelee na mambo mengine.

Imepatikana! Kana kwamba ilikuwa imekwenda kutembea. Nilinyanyua mkono.

"Chef, ulimwita Zaina mwizi mbele ya watu. Umwite asiye mwizi mbele ya watu."

"Mzee Ramazani, hakuna mutu aliyeitwa mwizi. Iliulizwa swali tu."

Wajumbe wakatazama miguu yao. Zaina alinyanyuka, akaaga wakubwa kwa heshima, akatoka. Asubuhi iliyofuata alirudi kazini, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kuandika kama kawaida. Nilimuuliza anawezaje. "Baba, watoto wanakula," alisema. Baba Asumani alipata haki yake, kamba ikaondolewa kwenye karanga zake, na alituletea gunia la karanga hizo. Lakini sokoni wako waliosema kwamba Zaina alirudisha faili baada ya kushikwa. Jambo hilo lilidumu miaka, mpaka nimestaafu. Kila nilipolisikia, nilimkumbuka Chef akisema iliulizwa swali tu.

Katika miaka hiyo nilitengeneza mengi: mashine za kuchapa zilizojengewa viota na nyigu, betri zilizovimba kama mandazi, simu zilizoanguka kwenye mashimo ya zahabu. Niliwafundisha ninyi kuweka jina fupi na kuandika mashahidi ndani ya karatasi ya maelezo inayokaa na sauti, ambako hakuna kipimo. Zaina aliwaeleza wazee wa vijiji yeye mwenyewe, na walikubali, kwa kuwa waliona majina yao yapo yote. Wazee wa Lusangi walikubali kirahisi kuliko wakubwa wa Kasongo. Dosie tatu za juu zilibaki vilevile, na kila asubuhi mashine ya Zaina ilizipita kwa kupitia Z. Mafaili ya zamani yalikuwa yakiishi kwa kamba hiyo moja.

Ndipo ikafika siku yangu ya kuaga. Mlikuwepo, lakini niandike kwa ajili ya wasiokuwepo. Kulikuwa na wali, samaki wa Nyangwe, sombe, na hotuba nyingi. Wageni wa vijijini walijaa barazani, na Baba Asumani alikuwa mbele. Skrini kubwa iliwekwa ukutani. Chef Kalonda akasema ana zawadi ambayo hakuna mstaafu aliyewahi kupewa. Akakaa mbele ya mashine yeye mwenyewe, akashika kipanya, na mbele ya macho yetu wote akafungua dosie mpya. Akaandika jina langu lote, na la baba yangu, na cheo, na sifa, na miaka ya utumishi, na baraka, kwa Kifaransa kile kile. Kisha akachukua dosie yake, yenye ya Omari, yenye ya marehemu, yenye mashamba yote ya watu, akaiburuta ndani ya jina langu.

Makofi yalipigwa sana. Mimi sikuweza kupiga. Nilijua Z imeshakatika, maana njia iliyofungwa nayo imebadilika.

"Sasa tusikie sauti ya Lusangi," alisema Chef, "ile Mzee Ramazani aliokoa." Akabonyeza, akashuka, akabonyeza. Kidirisha kikasimama, kikapauka, kikafunga. Akarudia. Kikafunga. Akarudia tena, na dosie ikaonekana tupu, kwenye skrini kubwa, mbele ya Lusangi nzima.

Na hili ndilo lililonifanya niandike. Watu hawakumtazama Chef. Kipanya kilikuwa mkononi mwake, na watu waligeuza shingo kumtafuta Zaina. Alikuwa mbali kabisa, karibu na kreti za soda, anagawa glasi. Mtu mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kutosha, "Tena yeye?" Zaina aliweka glasi chini. Uso wake sikuweza kuutazama.

Nilinyanyuka nikiwa na maneno mazito mdomoni. Sikuyasema, kwa sababu Chef Kalonda alikuwa ameona shingo zile zikigeuka. Alikitazama kipanya, akaitazama mikono yake. Kisha akasimama.

"Muache kumutazama," alisema. "Ni miye. Mumeona wote, ni miye nimefanya." Akamgeukia Zaina. "Na siku ile haikuwa yeye. Nilijua hata kabla ya kamati. Zaina, nilikuita mwizi, na weye hukuiba. Unisamehe."

Alisema kwa sauti ambayo hata walio nje ya uzio walisikia. Kaka yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifunika uso kwa mikono. Nisiwadanganye kwamba hasira yangu iliisha pale. Miaka yote hiyo alijua, na akanyamaza ili jina lake lisipungue herufi! Lakini alisema, na alisema mbele ya watu.

Nilikwenda mbele, nikaomba kiti. Nikaitafuta ile zawadi yangu, jina na baba na cheo na baraka, nikaifuta yote, nikaacha R. Barazani wakaguna. "Munaona," nikawaambia, "jina imekatwa, na mwenyewe iko hapa, atakula samaki." Wakacheka. Chef akainama kando yangu, akaifuta Monsieur le Coordonnateur kwa kidole chake mwenyewe, herufi kwa herufi, akaacha K. Tukampigia Omari kule Kindu, sauti ikiwa wazi kwa wote. Tukamweleza. "Mukate," alisema, "kwani ni shingo?" Ikabaki O.

Ikabaki ya Mzee Musafiri. Binti yake alikuwa kwenye mstari wa pili, na niliona amekaza mdomo. Nilimwita Zaina, nikamwachia kiti. Alikaa, akafuta mikono yenye soda kwenye kitenge, akahesabu kwa macho kama nilivyomfundisha. Chef akamuuliza kwa upole kama na ile ikatwe.

"Hapana," alisema Zaina. "Huyu hawezi kujikata yeye mwenyewe. Na sasa nafasi inatosha."

Akaiacha nzima, pamoja na kila alichokianzisha. Akabonyeza territoire, secteur, kijiji, ukoo. Wazee wa Lusangi wakaanza kusema, na kwa kila sauti Baba Asumani alitaja jina la mwenye sauti, na wale waliokuwa bado hai na waliokuwepo barazani walinyanyua mkono.